Adabu Ile Ilikuwa Hofu

Misikhu, Jumapili mchana

Nanjala mwanangu,

Mambo ya shuka, ndoo na sabuni tuliyamaliza jana, na kama kuna kitu tumesahau, Kitale si jangwani, maduka yapo. Sitakuandikia juu ya chakula, wala wavulana, wala kanisa. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha, nami nimechoka kuyasema. Umeenda kusukwa nywele, na yule msusi wako husuka kwa mdomo zaidi ya vidole, kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nimeondoa yunifomu za watu kwenye cherehani, nimeweka daftari, na naandika nikiwa na hasira. Nakwambia mapema usije ukadhani hasira hiyo imekulenga wewe. Wewe hujanikosea lolote.

Barua hii ina neno moja, nalo ni hili: kesho jioni utalala wapi.

Jana hapa uani palijaa watu waliokuja kukuombea kabla hujaenda chuo. Baba Mkubwa alitoka Kitale asubuhi na mapema. Huyu kaka mkubwa wa baba yako, afisa wa serikali mstaafu, ana nyumba ya vyumba vitano dakika kumi tu kutoka chuo chako cha uuguzi. Baada ya chapati alisimama, akagonga meza kwa kijiko mara mbili, na kila mtu akanyamaza, nadhani hata kuku.

"Huyu msichana atakaa kwangu," akasema. "Miaka yote mitatu. Hakuna mtoto wa ukoo huu atapanga chumba mjini kama yatima na mimi niko hai."

Watu wakapiga makofi. Baba yako akaitikia kwa kichwa. Wewe ukasimama, ukasema, "Asante, Baba Mkubwa," ukakaa. Mama mmoja aliyekuwa akipakua wali akanigusa bega kwa kiwiko na kuninong'oneza, "Mama Nanjala, huyu mtoto ako na adabu, wacha tu."

Mimi nilikuwa naangalia mkono wako wa kulia. Ulikuwa umeficha kidole gumba ndani ya ngumi, umekibana kama mtu anayeogopa kuibiwa. Sikuwa nimeiona ngumi hiyo tangu ukiwa darasa la sita. Dakika chache baadaye nilikukuta nyuma ya jikoni, umeshika tangi la maji kwa mikono miwili, unameza mate. Nikakuuliza kama uko sawa. Ukasema, "Niko sawa, Mama." Nami, mwanamke mzima, ninayejua ninachokijua, nikarudi kugawa soda.

Soda zile zimenikaa rohoni mpaka leo. Ningekuwa sijui, ningejisamehe. Lakini nilijua, na bado nilijali zaidi chupa zisipoteze ubaridi mbele ya wageni.

Ulikuwa na miaka tisa tulipokupeleka kwa Baba Mkubwa mara ya kwanza. Likizo ya Agosti watoto wote wa ukoo walipelekwa kwake wakanyooshwe, hiyo ilikuwa desturi. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, nasi tulimpelekea samaki wetu kwa foleni. Kila jioni kabla ya chakula mlisimama nyuma ya viti mkitazama sahani. Yeye akagonga meza kwa fimbo yake ya kutembelea, akamtaja mtoto, akauliza hesabu ya kuzidisha. Aliyekosa alibaki amesimama mpaka wenzake wamalize kula. Hakuwahi kumpiga mtoto hata mmoja, na alijivunia hilo. Kilichowatisha kilikuwa ile fimbo kwenye mbao, na ile sauti, na kutojua jina litakalofuata ni la nani.

Agosti iliyofuata tulipofika kwenye geti lake la kijani, ulitapika kwenye viatu vyako vipya. Nilikuvuta hadi kwenye bomba, nikakupangusa kwa upindo wa leso, nikakuuliza kwa hasira ya mtu anayeogopa kuaibika.

"Baba Mkubwa amekufanyia nini?"

"Hakuna."

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekushika vibaya?"

"Hapana, Mama."

"Basi ingia umsalimie vizuri. Usiniaibishe."

Hata kortini shahidi hupewa kiti na maji ya kunywa. Mimi nilimtaka mtoto wa miaka kumi anipe ushahidi akiwa amesimama kwenye matapishi yake. Na wewe ushahidi ulikuwa umeshautoa, uko pale kwenye viatu, sikuutaka. Nilitaka maneno. Ulipokosa maneno, nikahukumu kwamba hakuna kesi.

Mwaka wa tatu hukutapika. Uliingia, ukasalimia, ukasimama nyuma ya kiti chako ukiwa umetulia tuli. Baba Mkubwa akanipigia simu kuniambia, "Sasa huyu amenyooka." Nami nikamwambia baba yako kwamba umezoea, na tukafurahi. Ripoti za shule zikawa zinakuja zimeandikwa: mtulivu, msikivu, ana nidhamu. Nilizibandika ukutani hapa dukani wateja wazisome wakisubiri kupimwa. Miaka minane walimu walikusahihishia daftari, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mtoto anayepata zote kwenye karatasi hajawahi kuinua mkono darasani. Na mimi sikujiuliza. Nikitaka kuwalaumu, lazima nianze na aliyebandika zile karatasi ukutani.

Leo asubuhi kabla ya kanisa nimezibandua zote. Usishangae ukikuta ukuta mtupu.

Sasa nikuambie habari yangu, kwa sababu hujawahi kuisikia, na si kwamba ulikataa kusikiliza. Nilizaliwa nje kidogo ya Kitale, kwenye shamba ambalo guka wako, baba yangu, alilinunua alipohama kutoka Murang'a. Nilikuwa na miaka kumi vurugu za mashamba zilipofika upande wetu. Majirani waligonga mabati kutuonya, tukakimbilia ndani ya mahindi yaliyokuwa yamekauka bado yakisubiri kuvunwa, tukakaa humo siku mbili. Nilikuwa na kikohozi. Guka wako alilala kifudifudi kando yangu, akanifunika mdomo kwa kiganja mchana kutwa, kwa nguvu hadi jino likanipasua mdomo kwa ndani. Kiganja chake kilinuka mafuta ya taa. Nilimwona machozi yakimtoka huku amenibana vile vile.

Hakuna aliyetufikia. Tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama na ng'ombe wamo zizini. Mchungaji akaja, akatuambia, "Mshukuruni Mungu, hamkuguswa." Tukashukuru. Mwaka uliofuata tukapanda kama kawaida, na guka wako hakuwahi kuzungumzia siku zile mpaka tulipomzika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Nanjala, na mshindo wa kimya chetu ulikuja kukuangukia wewe, ambaye hata hukuwa umezaliwa.

Kwa maana unajua nilivyo mvua ya mawe ikianza. Mabati yakipigwa tu, mimi si mama yako tena. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nikishtuka hupiga kelele. Nilikupigia kelele juu ya maji yaliyomwagika, juu ya kifungo kilichopotea, juu ya kuchelewa dakika tano kutoka dukani. Krismasi iliyopita ulisema kitu ukicheka, mbele ya baba yako, tukiwa tunamenya viazi. Ulisema, "Mimi nikitoka shule nilikuwa nasikiliza cherehani kwanza. Ikienda mbio, nakaa nje kwa mwembe wa jirani. Ikienda polepole, naingia." Baba yako alicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda chumbani nikakaa kitandani na kiazi mkononi.

Kwa hiyo usidhani naandika haya nikimnyooshea kidole Baba Mkubwa peke yake. Nyumba hii nayo ilikuwa na meza yake, na fimbo ilikuwa sauti yangu.

Mwaka jana, kama unavyokumbuka, moyo wangu ulianza kwenda mbio bila sababu. Nikiwa nimekaa tu nashona, unaanza. Akina mama wa kanisa wakaniwekea siku tatu za kufunga. Jirani akaniletea mizizi iliyochemshwa. Mtu wa duka la dawa akasema ni presha, mwingine akaniambia nipunguze chumvi. Hakuna aliyeniuliza ni lini mara ya kwanza nilisikia moyo ukienda hivyo. Nakasirika nikikumbuka. Miezi saba nilizungushwa kama mbuzi wa mnada, na kila mtu alikuwa na uhakika.

Ndipo nikafika kwa daktari mmoja kijana katika zahanati kule Webuye. Alinifunga nyaya kifuani, akasoma karatasi iliyotoka kwenye mashine, akaniuliza hilo swali. Nikamweleza habari ya mahindi. Sijui kwa nini nilimweleza yeye. Nadhani ni kwa sababu hakuwa na haraka, na alikuwa akiniangalia usoni.

"Mama, moyo wako ni mzima kabisa," akasema. "Shida ni kengele. Kengele inalia na mwizi alishaenda zamani."

"Unaniambia niko na wazimu?"

"Wazimu gani? Mwili wako unafanya kazi yake vizuri. Ni vile tu hakuna mtu aliuambia mambo iliisha."

Akageuza cheti changu cha dawa, akachora mtu wa vijiti. Kutoka chini ya ubongo akashusha mstari mmoja mrefu, ukapita kooni, ukafika kwenye moyo na mapafu, ukaendelea mpaka tumboni. Akasema huo ni mshipa wa fahamu, neva, na una wenzake wengi. Ndiyo sababu mtu akiogopa sauti hukauka, moyo hukimbia na tumbo husokota, vyote kwa pamoja.

"Mwili haungoji wewe ufikirie," akaniambia. "Kabla hujajua jina la kitu, ushaamua: hapa ni salama, hapa si salama. Unaangalia sura ya mtu, unasikiliza sauti yake, hata vile anakanyaga. Ukiona hatari, moyo unakimbia ndio upigane ama utoroke. Na kama huwezi kupigana na huwezi kutoroka, mwili unaganda. Mtu anaonekana ametulia. Hajatulia, mama."

Hapo nikaacha kumsikiliza kama mgonjwa, nikaanza kumsikiliza kama mama yako. Nikamwona mtoto amesimama nyuma ya kiti, tuli, na sisi tunafurahi kwamba amenyooka.

"Na mtoto?" nikauliza.

"Mtoto ndio kabisa. Mtoto hajui kujituliza. Anaazima utulivu kwa mtu mkubwa aliye karibu."

"Na kama huyo mtu mkubwa mwenyewe hana?"

Aliniuliza, "Wewe ukiwa na nani mwili wako unatulia?" Nikamwambia ukweli: nikiwa na cherehani. Hakucheka. Akanifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninayoivuta, akaniambia nifanye hivyo kabla ya kumwita mtu yeyote nyumbani. Alisema pia kwamba wataalamu bado wanabishana juu ya namna hiyo mishipa inavyofanya kazi, nisije nikamfanya nabii. Lakini kwamba hofu hukaa mwilini na mwili hutulizwa na mtu mwingine aliyetulia, hilo alisema hata bibi zetu walilijua walipokuwa wakibeba watoto mgongoni.

Nilitoka pale nikiwa nimepona nusu na nimekasirika mara mbili. Kwa nini nimeambiwa haya nikiwa na miaka arubaini na tatu? Mahindi yakigeuka manjano, afisa wa kilimo anakuja shambani na buti zake, anapima udongo, anatuitia baraza. Mtoto akinyamaza ghafla, anapewa zawadi ya nidhamu siku ya kufunga shule. Hata mimi fundi najua, uzi wa cherehani ukikazwa kupita kiasi kitambaa hukunjamana, na mjinga tu ndiye hukilaumu kitambaa. Nimekuwa mjinga huyo kwa mwanangu mwenyewe, na nilikuwa na cherehani mbele yangu kila siku.

Lakini kuna siku moja ninayoikumbuka, na ndiyo iliyonipa nguvu leo. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tunakupeleka kwa Baba Mkubwa, mvua ikatushika mjini, tukaingia kujikinga kwa Tata Muthoni, mdogo wangu, kwenye vile vyumba vyake viwili nyuma ya soko. Tulikaa kama saa mbili. Ulikula sahani mbili za githeri. Ukamsimulia hadithi ya mbuzi wa mwalimu mkuu aliyekula kitabu cha mahudhurio, ukiigiza mbuzi na mwalimu wote wawili, na mimi nilikuwa nashangaa kwamba sauti hiyo huwa unayo. Kisha ukalala kwenye kiti chake kikubwa, saa nane mchana, mdomo wazi, mate yakilowesha kitambaa chake cha kufuma.

Niliona aibu. Nikataka kukuamsha.

"Wachana na yeye," Muthoni akasema. "Mtu halali hivyo mahali hapendi."

Nilikuamsha hata hivyo, kwa sababu Baba Mkubwa hakupenda watu wa kuchelewa. Ulifungua macho, ukaniona nimeshika begi, na kabla hujasema neno kidole gumba kikaingia ndani ya ngumi. Niliona kwa macho yangu. Nikakushika kwa mkono huo huo tukatoka.

Utauliza kwa nini hukuwa unakaa kwa Tata Muthoni tangu zamani. Jibu unalijua, umelelewa nalo. Mtoto wa Mbukusu hakai kwa ndugu za mama yake wakati nyumba ya baba yake mkubwa iko wazi. Watu watasema ukoo wa baba yake hauna nyumba, na mama yake, tena Mkikuyu wa Kitale, amemvuta mtoto upande wake. Maneno hayo niliyaogopa miaka kumi. Nilipima maneno ya watu na tumbo lako, nikachagua maneno ya watu.

Leo tulipotoka kanisani nilimkalisha baba yako hapa hapa mezani, wewe ukiwa unaanika nguo.

"Nanjala haendi kwa kaka yako," nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Ati?"

"Anaenda kwa Muthoni."

"Si ulikuwa hapa jana? Si watu walipiga makofi? Sasa mimi nimwambie nini, ati msichana anaruka nyumba ya baba yake akalale kwa watu wa mama yake?"

"Sema ni mimi nimekataa."

"Kwani alimkosea nini? Huyo mtu amemfanyia nini?"

Swali lile lile, Nanjala. Nilitoa pumzi ndefu kama nilivyofundishwa, maana sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupanda. Kisha nikamwambia, "Angalia mkono wako."

Mkono wake wa kulia ulikuwa mezani. Kidole gumba kilikuwa ndani ya ngumi.

Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Unajua baba yao alipofariki, Baba Mkubwa ndiye aliyemlea baba yako na kumsomesha. Hilo tumelisikia kila harusi na kila matanga. Lakini mimi, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, sikuwa nimewahi kusikia nilichokisikia leo.

"Mimi nilisimama nyuma ya kile kiti miaka minne," akasema. "Saba mara nane. Ilikuwa lazima aniulize saba mara nane. Mpaka leo siijui, bana."

"Hamsini na sita," nikamwambia.

Akaanza kucheka, kicheko kikakatika katikati. Tulikaa hapo mpaka chai ikaota ngozi. Mwishowe akasema, "Mpigie wewe. Mimi sauti itakauka."

Nikapiga. Nikamsalimia Baba Mkubwa kwa heshima, nikamshukuru kwa jana, nikamweleza. Akauliza, "Shemeji, nimemkosea nini huyo mtoto? Nimewahi kumgusa?"

"Hujawahi kumgusa," nikasema. "Lakini mwili wake hautulii kwako, na mimi nimechoka kubishana nao."

"Mwili? Mwili unatoka wapi kwa mambo ya ukoo? Na baba yake anasema nini?"

Baba yako akainamia simu. Akajaribu mara ya kwanza, hakuna kilichotoka. Akakohoa. Akasema, "Wacha aende kwa Muthoni, kaka." Sauti ilikuwa ya mvulana, lakini aliyasema yote. Simu ikakatwa. Baba Mkubwa ameshawapigia simu watu wawili wa ukoo tangu saa hiyo, na kesho kutwa Misikhu nzima itajua kwamba mimi, mke wa Wafula, nimevunja nyumba ya watu. Waache waseme. Nimekasirika vya kutosha kuyabeba.

Simchukii Baba Mkubwa. Ile meza aliirithi kwa baba yake, na nadhani naye aliwahi kusimama nyuma ya kiti chake. Hilo linanihuzunisha. Lakini huzuni yangu juu yake haitoshi kukufanya ulale kwake miaka mitatu.

Sasa usije ukanielewa vibaya, ukaufanya mwili wako kuwa chifu. Mwili wangu husikia vita kila mvua ya mawe ikinyesha, na vita hakuna. Mwili hutoa habari, na habari nyingine ni za zamani. Chuoni utakutana na mwalimu mwenye sauti kubwa, kidole kitaingia kwenye ngumi, na huenda ni mtu mwema aliyelelewa karibu na mashine ya kusaga. Kaa karibu na mlango siku ya kwanza. Mwangalie macho akicheka. Rudi siku ya pili. Ukiona koo limelegea, sogea mbele kiti kimoja. Lakini ukiona siku ya kumi tumbo bado linasokota, ondoka, na usingoje kupata sababu ya kuwaambia watu. Mimi sitakudai sababu tena. Ukinipigia ukasema tu, "Mama, hapa siwezi," nitakuja, na njiani sitakuuliza kitu.

Na kwa kuwa unaenda kuwa muuguzi, nina ombi moja la kazi. Utaletewa mtoto amelala kitandani hasemi, halii, anaangalia ukuta, na walio karibu watakuambia ni mtoto mzuri, hasumbui. Usiandike kwenye faili kwamba ametulia. Vuta kiti kwanza, ukae naye.

Mwezi jana ulikuwa unaosha vyombo, nikakuita kutoka huku dukani. Ulikuja ukifuta mikono, ukasema, "Mama, siku hizi unaita polepole." Ukarudi jikoni kama hujasema kitu. Nililia hapa juu ya shati la mtu, nikalazimika kulipiga pasi upya. Nisamehe kwamba nilijifunza ukiwa umeshafunga begi. Nisamehe kwa bomba lile na leso ile. Sikuombi uyasahau, hata mimi sitayasahau.

Nasikia unacheka huko barabarani na msusi wako amekusindikiza, kwa hiyo namaliza. Barua nitaiweka kwenye begi, juu ya shuka, uisome usiku huu kabla hujalala. Nimempigia Muthoni. Anasema kitambaa cha kufuma ameshabadilisha, lakini kiti ni kile kile, na amekisogeza dirishani. Kesho ukifika usijisumbue kunipigia. Weka begi chini, kula, na usingizi ukija usiupinge. Nimemwambia Muthoni asikuamshe hata kama ni saa nane mchana. Atanipigia yeye, na akiniambia umelala mdomo wazi, nitajua umefika.

Mama yako